Fundi wa Majengo na Redio ya Kobe

Ukimpa fundi huyu gari, siku ya kulichukua atakupa na mfuko. Ndani ya mfuko kuna kila kitu alichokitoa: plagi zilizokufa, mpira uliochanika, bolti iliyokatika kichwa, hata kile kitambaa ambacho wewe mwenyewe ulizibia tundu ukasahau. Anakukabidhi kwa mikono miwili, na neno lake ni lile lile siku zote: "Hiki ndicho nilichotoa." Watu wa Songea wanampenda kwa mfuko ule. Wanasema ni mwaminifu. Mimi niliuangalia miaka mingi na kujiuliza: mtu anayehangaika hivi kukuonyesha alichotoa, ni kipi ambacho hataki ukione?

Jina lake silitaji. Pale Majengo, nyuma ya maduka ya vitambaa, mafundi wamejaa, lakini ukisema "Fundi" tu bila kuongeza kitu, utaonyeshwa kwake. Ni mrefu, mwembamba, ndevu zimekuwa nyeupe siku hizi. Kwao ni Tunduru, upande wa Namasakata, na hajaiacha lafudhi ya Kiyao mdomoni mwake. Amefungua na kufunga magari ya nusu ya mji huu, naye anatembea na baiskeli. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Gari ni la watu wenye haraka. Mimi nimeshafika." Wateja wanacheka. Mimi sikucheka. Fundi asiyepanda kitu anachokitengeneza, nilisema, anajua anachokifanya humo ndani.

Kusikia kwake ni kwa ajabu. Gari likiwa na ugonjwa haulizi maswali mengi. Anaomba liwashwe, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini na mpini anaubana sikioni, halafu anafumba macho kama mkunga anayesikiliza tumbo. Anakaa hivyo mpaka mwenye gari anachoka. Mwisho anafumbua macho na kusema, "Analia huku." Na kweli, huko ndiko. Lakini huyo huyo anayesikia bolti iliyolegea ndani ya chuma, ukimwita kwa jina mara tatu haitiki. Ukimwuliza kazi itaisha lini, anasema "Inshallah Ijumaa," bila kukwambia ni Ijumaa ya mwezi gani. Nikamwambia siku moja, "Inshallah ya Mungu naijua, lakini hii yako ni mlango wa kutokea." Akasema, "Ndiyo, Mama," akarudi chini ya gari.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa korosho alimletea gari lenye ufa kwenye chasisi, anataka kuliuza. Akamwambia, paka lami hapo chini, mnunuzi asione. Fundi hakugoma wala hakubisha. Alipaka. Alipaka rangi nyekundu, ile ya kung'aa, juu ya ufa wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye gari alipoinama akapiga kelele, "Umefanya nini wewe?" Fundi akamjibu, "Umesema nipake." Mji mzima ulisifu. Mimi nilisema ule ni ujeuri, na mtu mjeuri kwa tajiri anaweza kuwa mjeuri kwa mjane.

Maana mjane nilikuwa mimi, na neno langu na Fundi lilikuwa moja tu: redio.

Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba. Gari lake alilinunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, gari dogo la mgongo wa mviringo, lile ambalo watu wanaliita kobe. Basi na sisi tukamwita Kobe. Mtu asiyelijua gari hili aelewe jambo moja: injini yake iko nyuma. Ukikaa kiti cha nyuma umekalia kelele. Na mimi nilikaa nyuma siku zote, na watoto mapajani, kwa sababu mbele alikaa mama mkwe wangu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba yetu, hakuna aliyeuliza. Siku mama mkwe hayupo, mbele alikaa mgeni. Siku hakuna mgeni, lilikaa gunia la mbegu za mahindi. Mimi nilikuwa nyuma, masikio juu ya injini.

Hapo mbele, katikati ya dashibodi, ndipo ilipokuwa redio. Nyeusi, ina vidude viwili vya kuzungusha na mstari mweupe wa namba. Mume wangu alikataza isiguswe. "Itapoteza stesheni," alisema. Mimi nikiwa nyuma sikuweza kuisikia, na mama mkwe masikio yake yalishakufa kitambo, na siku ya mgeni hakuiwasha kabisa, kwa hiyo mwenye kusikia alikuwa yeye peke yake, naye alitutangazia. Alikuwa anainama kidogo, anashika kidude, halafu anageuza shingo na kupaza sauti: "Redio inasema mvua zitachelewa!" Au, "Redio inasema bei ya tumbaku imepanda!"

Mume wangu alikuwa mtu mkavu. Nilimpikia miaka yote, sikuwahi kusikia neno "asante" mezani. Alikula, akanawa, akatoka. Lakini siku moja tunakwenda msibani Namasakata, njia ndefu, vumbi limetujaa puani, akageuza shingo: "Mama Gaudensi! Kuna salamu zako huku!"

"Za nani?"

"Za msikilizaji mmoja wa Songea! Anasema anamsalimu Mama Gaudensi wa Msamala! Anasema bila huyo mama, nyumba yake isingesimama!"

Kadi za salamu wakati ule watu waliandika, zikasomwa redioni, nchi nzima ikasikia. Nikajua ameandika yeye. Mtu asiyeweza kuniambia neno mezani kwake amelitangaza kwa nchi nzima. Salamu zile zilikuja tena, si mara nyingi. Nilipojifungua mtoto wa tatu. Nilipomuuguza mama yake. Kila mara mimi niko nyuma, na yeye anapiga kelele kuishinda injini. Wanawake wenzangu wa jumuiya ya parokia niliwaambia: nimesomewa redioni. Walinionea wivu, na mimi sikuwakataza.

Halafu akafa. Ghafla, shambani, jembe la maonyesho mkononi.

Siku ya tatu baada ya kuzika, ndugu wamejaa uani, nilikuwa jikoni naangalia uji wa waombolezaji. Kupitia dirishani nikamwona Fundi. Wakati ule ndevu zake zilikuwa nyeusi bado. Alikuwa ameinama ndani ya Kobe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka na kitu amekifunga kwenye shati lake la kijani, yeye mwenyewe kifua wazi na baridi ile ya mwezi wa saba. Akapanda baiskeli. Nilipokwenda kuangalia, pale pa redio palikuwa na tundu.

Sikupiga kelele. Mjane hapigi kelele za redio mume akiwa na siku tatu kaburini. Nilisubiri alete. Alikuja arobaini imepita, akaleta sukari na pole, redio hakuleta. Nilimtazama, akatazama chini. Mtu anayewarudishia watu bolti zilizokatika!

Basi nikasema. Sikwenda polisi, nilisema tu, kwa wanawake wa jumuiya, tena kwa sauti ndogo: "Yule fundi ana mkono mrefu." Maneno yakatembea yenyewe, redio mbao kama tunavyouita uvumi. Haukupita muda, pikapu ya parokia ikahamishiwa kwa fundi mwingine. Na walimu wawili niliowajua wakahamisha ya kwao. Yeye aliendelea kunisalimu njiani, "Shikamoo, Mama Gaudensi," mkono kifuani. Nikaitika "Marahaba" ya kukata kwa kisu. Nilisema moyoni, angekuwa msafi angekuja kujitetea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hakuja.

Kobe alikaa uani kwangu chini ya turubai mpaka kuku wakazeeka ndani yake. Mwaka huu mwanangu Gaudensi, ambaye naye sasa ana mvi, amepata mchumba wa binti yake, na akaamua kwamba siku ya harusi binti ataingia kanisani kwa Kobe. Nikamwambia anunue gari la kueleweka. Akasema, "Mama, hilo ndilo la kueleweka." Akampelekea nani? Fundi. Nikagomba mpaka nikachoka. Akanijibu kwamba Songea nzima hakuna mwingine anayeijua injini ile.

Miezi minne alikuwa analitengeneza. Sitasema uongo, kazi aliifanya. Kutu aliitoa kwa mkono, rangi ilikuwa ile ile ya maziwa, viti alivishona upya na mshono wa zamani. Likabaki tundu.

Gaudensi akatoka Dar es Salaam na redio, amehangaika kuitafuta kwa watu wa vitu vya kale, ya miaka ile ile ya gari. Nikasema naenda naye gereji. Nilitaka kuuona uso wa Fundi atakapoiona.

"Shikamoo, Mama Gaudensi."

"Marahaba."

Akaipokea ile redio, akaigeuza, akaipuliza vumbi. "Nzuri," akasema. Halafu, "Lakini haifai humu."

"Haifai nini, Fundi?" Gaudensi akauliza.

"Hii ni ya volti kumi na mbili. Kobe ni volti sita."

"Kuna kidude cha kubadilisha, nimekuja nacho."

Fundi akafuta mikono, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. "Halafu antena. Itabidi nitoboe bodi. Bodi hii haijawahi kutobolewa tangu itoke kiwandani. Mimi nashauri tuzibe tu pale, tuweke kifuniko. Magari mengi ya aina hii yalikuja na kifuniko."

Mimi nina kipimo changu. Mkweli ana sababu moja. Huyu alishafika ya tatu.

"Haijawahi kutobolewa?" nikasema. "Na redio ya kwanza ilishika stesheni kwa kutumia nini? Pembe za ng'ombe?"

Gaudensi alikuwa ameshajipenyeza chini ya dashibodi na tochi ya simu. "Fundi," sauti yake ikatoka chini huko, "mbona humu hakuna hata waya mmoja uliokatwa? Redio ilikuwa inakula umeme wapi?"

"Gari la zamani, baba," Fundi akasema, na akanitazama mimi. Jicho lile nililisoma vibaya. Nililiona ni la mwizi aliyebanwa.

"Gaudensi, toka humo," nikasema. "Na wewe Fundi, sikiliza. Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu ulitoka ndani ya gari hili na kitu umekifunga kwenye shati. Unakumbuka, au nikukumbushe rangi ya shati?"

Mafundi wengine waliacha kugonga.

"La kijani," akasema taratibu.

"Leo utarudisha. La hutaki, tunakwenda kwa mtendaji wa kata sasa hivi, na Kobe hatafungwa hata nati moja zaidi na mkono wako."

"Mama!" Gaudensi akasema.

Fundi akamgeukia. "Baba, tupishe kidogo mimi na mama."

"Hatoki," nikasema. "Aone."

Akasimama pale, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Aliinua ile redio ya Dar es Salaam, akaishika kifuani. "Basi nitaifunga hii," akasema. "Nitatoboa bodi. Nitatoboa leo leo." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa amchinje mbuzi wake wa maziwa. "Yaishe, Mama Gaudensi."

"Sitaki hiyo. Nataka ya mume wangu."

Akaiweka chini. Akaingia stoo. Stoo ya Fundi ni misumari ukutani, na kila msumari una mfuko wa gari ambalo mwenyewe hakurudi kuchukua vyake. Alikwenda hadi msumari wa mwisho, kwenye kona. Akarudi na bonge limefungwa kwa shati, kijani chake kimeshakuwa kama majani ya chai yaliyochujwa mara tatu. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hiki ndicho nilichotoa."

Nilikipokea nimejiandaa kwa uzito wa chuma. Mkono ukapanda juu wenyewe. Kilikuwa chepesi. Nikafungua. Ilikuwa mbao. Kipande cha mninga, kimechongwa vizuri pembe zote, kimepakwa dawa nyeusi ya viatu. Vile vidude viwili vilikuwa vifuniko vya chupa za dawa, vimegandishwa kwa gundi. Zile namba nyeupe zilichorwa kwa ncha ya msumari, zikajazwa chaki.

Gaudensi alicheka, hakuweza kujizuia. "Mama! Kumbe redio mbao yenyewe ndiyo hii!"

Sikucheka. Redio mbao nyingine ilikuwa mimi.

"Alichonga yeye," Fundi akasema, anaongea na sakafu. "Hapa hapa kwenye meza yangu. Mimi nilimkatia tu ukubwa. Alisema anaona aibu kuwa bwana shamba mwenye gari lenye tundu. Akasema, mke wangu asijue. Sasa siku ile ya msiba, kaka yake mkubwa alishasema mbele ya watu kwamba mali ikigawiwa, redio ni yake. Angekuja na bisibisi, ukoo wote umesimama unatazama. Nikaona nitangulie."

"Ulijua kwamba nakusema?"

"Nilijua."

"Na pikapu ya parokia?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukuja kunijibu?"

"Nikujibu nini? Nikijisafisha mimi, namvua nguo marehemu." Akakuna ndevu. "Nikasema labda utachoka."

"Mimi sichoki."

"Nimeona," akasema.

Nikamwuliza jambo moja, nikiwa nimeshajua jibu. "Na zile salamu?"

"Salamu zipi, Mama?"

Hakujua. Alikuwa mkweli, uso wake haukuwa na kitu. Ya mbao aliijua yote, lakini alichokuwa anasema mume wangu kupitia ile mbao hakukijua, maana hakuwahi kupanda Kobe. Basi hakuna kadi iliyoandikwa. Nchi nzima haikusikia lolote. Nilisikia mimi peke yangu, juu ya injini, na mtu aliyekuwa anapiga kelele vile alikuwa anazitunga barabarani, macho kwenye vumbi.

Niliomba kigoda, nikakaa. Gaudensi aliacha kucheka akaniletea maji. Nilikunywa. Nilimwona Fundi anakunja shati lake, anataka kulirudisha kwenye msumari kana kwamba lina kazi tena.

"Gaudensi," nikasema, "hiyo ya Dar es Salaam rudisha ulikoitoa. Fundi, funga hii."

"Hii, Mama?"

"Umeambiwa na mwenye gari. Tena usiipake rangi upya."

Aliifunga kwa dakika chache. Haikuhitaji waya wala antena. Iliingia kwenye tundu lake kama jino linalorudi kwenye ufizi, na Fundi akaipitishia kitambaa mara moja.

Jumamosi iliyofuata alilileta gari Msamala mwenyewe. Kobe alikuwa anang'aa mpaka watoto wa jirani wakaja kujitazama kwenye rangi. Nilikuwa nakwenda jumuiya, nikamwambia anipeleke. Akafungua mlango, akalaza kiti cha mbele ili nipite nyuma, kwa adabu, kama alivyoona tunafanya zamani. Nikakirudisha kiti, nikakaa mbele. Umri huu wote, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kumbe ukikaa mbele, kelele inabaki nyuma. Nilisikia saa inagonga kwenye dashibodi. Nilimsikia hata Fundi anavyopumua.

Hatukuongea njiani. Mimi ni mtu wa kusema, lakini neno la namna ile halikai vizuri mdomoni mwangu, sikulizoea. Nilikuwa nalo tangu siku ya gereji na lilikuwa halijatoka.

Tulipofika, wanawake wa jumuiya walikuwa uani kwenye mikeka, wote, wale wale niliowaambia kwa sauti ndogo, wale waliobaki. Walimwona aliye kwenye usukani wakaacha kuimba. Fundi akashika kitasa ateremke anifungulie.

"Subiri," nikasema. Nikanyoosha mkono nikashika kidude cha kushoto, kile kifuniko cha chupa. Hakizunguki. Nikainamisha sikio. "Redio inasema kitu."

Fundi alinitazama, halafu akatazama mbele haraka, mikono yote miwili kwenye usukani. "Inasema nini, Mama Gaudensi?"

"Inasema yule fundi wa Majengo hajawahi kuiba kitu cha mtu. Inasema aliyemsingizia ni Mama Gaudensi wa Msamala, na anamwomba radhi."

Nikaona ndevu zinacheza. Akazima injini.

"Ongeza sauti, Mama," akasema. "Wa kule mikekani hawajasikia."

Nikateremsha kioo. Nikaongeza.